Kombe la Pili na Kichwa cha Gaudensi

Mmeniuliza mmoja mmoja: pale kijiweni Katandala, kwenye mashine ya kusaga, hata nje ya kanisa baada ya misa. "Desi, hivi ulikwenda Lusaka kutazama mpira gani?" Kila mtu nimempa kipande chake, na sasa nasikia vipande hivyo vimeungwa vibaya. Wapo wanaosema Gaudensi alikufa akafufuka. Wapo wanaosema nilipigana na refa. Basi nimeketi niwaandikie yote tangu mwanzo, anayetaka asome, asiyetaka aendelee na lile la refa.

Habari za pasi na mihuri naziruka. Hazina ladha.

Izia, kabla ya kuondoka

Gaudensi ni mtoto wa dada yangu Veneranda. Ni fundi magari. Alikwenda Lusaka kufuata kazi ya gereji, na huko akakutana na mchezo ambao hapa kwetu haujulikani. Unaitwa futiboli ya Kimarekani, ingawa miguu haiupigi mpira ila mara chache. Mpira wenyewe umechongoka ncha mbili. Mtu anaukumbatia na kukimbia nao, wenzake wanamfungulia njia kwa kuwagonga watu, na wapinzani wanamwangusha kwa nguvu zote walizojaliwa. Wanavaa helmeti zenye vyuma mbele ya uso na kinga za plastiki mabegani, hadi kila mmoja anaonekana kama kabati. Gaudensi ndiye yule anayeukumbatia mpira.

Timu yake ilikuwa imefika fainali ya kombe la pili la klabu. Nalo nilieleze. Klabu bingwa za nchi mbalimbali zinakwenda kwenye kombe kubwa. Zile zilizoshika nafasi za nyuma yao zinakutana kwenye hili dogo, na atakayelichukua anapandishwa akacheze na wakubwa mwaka unaofuata. Ni kombe la waliokosa. Lakini Gaudensi alilizungumzia kama mtoto anavyoizungumzia Krismasi.

Dada aliniita kwake Izia. Nilimkuta uani anapukuchua mahindi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Kaa hapo." Hakunyanyua macho. "Jumapili Gaudensi alinipigia simu. Shikamoo mama, tumeingia fainali, gari la bosi limeungua injini, nimenunua viatu. Nikampa hongera. Nimemaliza tu kuosha vyombo, simu ikalia tena. Shikamoo mama, tumeingia fainali, gari la bosi limeungua injini, nimenunua viatu."

"Labda furaha imemzidi."

"Desi, alikuwa ananiambia kama ndiyo mara ya kwanza."

Najua sote wawili tulimfikiria shemeji Kalisti, baba yake Gaudensi. Yeye alianguka kutoka juu ya mkokoteni wa ng'ombe, kichwa kikapiga jiwe. Akainuka, akajipangusa vumbi, akasema yuko sawa. Akawaswaga ng'ombe hadi nyumbani, akala ugali wa ulezi na maharage, akayasifu maharage, akalala. Asubuhi dada alikwenda kumwamsha. Tangu siku ile, katika ukoo wetu mtu akigonga kichwa halafu akasema "niko sawa", watu wanaacha kula.

"Wewe miguu yako haitulii," dada aliniambia. "Huko kote umeshapita. Nenda kamtazame mwanangu kwa macho yako. Akiwa mzima, mwache acheze. Akiwa si mzima, niletee kabla hawajampiga tena."

Nilimpigia Gaudensi hapohapo. "Shikamoo mjomba!" Huyo ndiye Gaudensi: hata salio likiwa linakata, kwanza shikamoo. Nikamwambia nakuja kumwona akicheza. Alicheka kwa furaha hadi sauti ikapasuka kwenye simu. "Usikose mjomba, Jumamosi mchana!"

Ni kweli miguu yangu haitulii. Ujana wangu wote niliumalizia kwenye malori, utingo wa njia ya Zambia, nikilala juu ya magunia na kuamka kwenye miji nisiyoijua jina. Bado nikisikia breki za upepo za lori moyo unaruka. Kila safari niliyowahi kuondoka Sumbawanga niliondoka nikipiga mluzi. Safari hii midomo ilikuwa mikavu, mluzi ukagoma.

Sumbawanga hadi Kasesya

Nilipata lifti kwenye Fuso la Salumu. Nyinyi mnamjua, ukoo wao ndio wenye yale maduka ya vipuri pale mjini. Alikuwa anapeleka mchele mpakani. Ilikuwa asubuhi ya kipupwe, upepo wa huku juu unapita kwenye koti kama koti halipo. Mashamba yalikuwa yamevunwa, mabua yamelala, na nchi ilikuwa wazi pande zote.

"Kwa hiyo unasafiri siku mbili," Salumu alisema, "ukamtazame mtoto wa dada yako akigongwa?"

"Nakwenda kuona kama amegongwa sana."

"Na ukikuta amegongwa sana, utamfanyaje? Utamgonga upande wa pili arudi sawa?"

Nilicheka ili nisimwangushe. Yeye akaona nimefurahi, akaendelea. Akanisimulia basi lililoingia mtoni huko mbele ya Kasama. Akanisimulia lori lililokosa breki Mpika. Akanisimulia bondia aliyewahi kumwona Tunduma, akiwa bingwa alikuwa anahutubia watu, sasa anauza karanga na chenji hawezi kuhesabu. Tulipofika Matai kunywa chai na chapati, yangu sikuimaliza.

"Desi bwana, siku hizi hata chapati inakushinda?"

"Chapati ni yako. Kula."

Kasesya tulikuta malori yamepanga mstari mrefu, mtandao umekata, maofisa wamekaa nje wanaota jua. Zamani ningeifurahia foleni kama ile: ningeteremka, ningetafuta watani wangu wa Kizambia, tungecheza drafti. Sasa kila nilipoitazama saa niliona Jumamosi inasogea. Salumu alikuwa mtu wa kungoja. Mimi nikashuka, nikamwachia mchele wake, nikapita kwa miguu.

"Mjomba mtu!" aliniita kutoka kwenye kabini. "Mwambie Gaudensi akipata kombe alipitishe dukani tupige nalo picha!"

Mbala hadi Kasama

Ng'ambo ya mpaka bodaboda alinipeleka Mbala. Kule Kifipa changu kilifanya kazi vizuri tu, lugha zao na yetu ni ndugu. Basi la Kasama lilikuwa tayari limewashwa injini, kondakta anaita abiria kwa haraka ya mtu anayeondoka. Nikapanda mbio. Jamani, kuwasha injini kule ni tangazo tu. Tulikaa ndani ya mngurumo ule hadi makalio yakafa ganzi. Kila nikimuuliza kondakta, anajibu "sasa hivi" kwa upole wa padri.

Aliyeketi karibu yangu alikuwa mama mnene mwenye magunia ya dagaa kutoka Mpulungu. Alijitambulisha kwa jina la Bana Chanda, yaani mama wa Chanda. Kiswahili alikijua kwa sababu ya biashara ya ziwani. Alifungua bakuli lake: ugali mweupe na majani yaliyopikwa kwa karanga.

"Karibu, tata," alisema, yaani baba.

"Ahsante mama, sitaweza."

Akala kidogo, akanitazama. Tulipoondoka akafungua chupa ya munkoyo, ile togwa yao ya mizizi. Nikakataa. Kwenye kituo kimoja akanunua mihogo ya kuchoma, akanimegea. Nikakataa. Mjue sikuwa na dharau; mawazo yalikuwa Lusaka.

"Tata, msiba uko wapi?" aliniuliza taratibu.

"Nakwenda Lusaka. Mtoto wa dada yangu amepigwa kichwa."

"Mayo!" Alijishika mashavu. Akageuka nyuma, akasema maneno kwa Kibemba. Wanawake waliokuwa viti vya nyuma wakajifunga vitenge vichwani. Mzee mmoja akavua kofia. Kabla sijaelewa kinachotokea, mtu akaanzisha wimbo wa kanisani na basi zima likapokea, sauti ya kwanza, ya pili, na besi ya kondakta.

Niliwaambia hajafa. Niliwaambia kwa Kiswahili, kwa Kifipa, na kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne. Bana Chanda alinipigapiga mkono. "Ndiyo, tata. Hajafa. Yuko mahali pazuri."

Kumbe kwao, mwanamume anayesafiri na kukataa chakula mara tatu ni mwenye kwenda kuzika. Ilibidi nichukue muhogo, niutafune mbele yao, ndipo wakaanza kuamini. Wimbo ukapungua kiti kwa kiti. Watu wakacheka, nami nikacheka. Lakini ule wimbo ulikuwa umeshaniingia. Nilihisi kama nimekabidhiwa pole mapema, kwa kitu ambacho bado kiko njiani.

Kasama hadi Mpika, na kukaa porini

Kesho yake, Ijumaa, tulipanda basi kubwa la Lusaka, mimi na Bana Chanda na magunia yake. Lilikwenda vizuri kwa muda, kisha katikati ya msitu wa miombo, mahali pasipo hata kibanda, tukasikia mlio chini ya sakafu na harufu ya mpira unaoungua. Dereva akaegesha. Abiria wanaume tukashuka, kama desturi ilivyo duniani kote, tukainama kutazama uvungu ambao hakuna aliyeuelewa.

Mimi niliuelewa kidogo. Bearing ya gurudumu la nyuma ilikuwa imekufa. Nilijua maana yake: kungoja kipuri kiletwe kutoka Mpika.

Nilitafuta kichuguu chenye mtandao, nikampigia Gaudensi kumwambia naweza kuchelewa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Hali yako?"

"Salama tu, naumwa kichwa kidogo, nimemeza dawa. Niko sawa." Kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Vipi huko, uko shambani? Mbona upepo mwingi?"

Nilidhani anatania. "Gaudensi, niko njiani nakuja kwako."

"Unakuja Lusaka? Mbona hukuniambia?"

Nilisimama juu ya kile kichuguu na simu sikioni, jua likiwa kali. Nilimwambia asicheze. Nilimwambia amwone daktari. Akasema, "Mjomba, mchezo mmoja tu huu umebaki. Ukimwambia mama nitakulaumu." Mtandao ukakata. Nilipopiga tena hakupatikana, na baadaye hakupokea.

Nilimsimulia Bana Chanda. Safari hii hakuimba. Alininunulia dagaa wa kukaanga kutoka kwa mwenzake, akaniwekea kiganjani, akasimama mbele yangu hadi nikala. "Mtu mwenye njaa hawezi kukimbia," alisema. "Na wewe kesho utakimbia."

Kipuri kilikuja jioni kwenye pikipiki. Tulifika Mpika gizani, na dereva akasema hatembei usiku. Nililala juu ya magunia ya dagaa stendi, kama enzi zangu. Zamani kulala hivyo kulinipa ndoto nzuri.

Lusaka, uwanjani

Jumamosi, kuingia Lusaka, magari yalikuwa yameshikana. Mchana ulikuwa umeshaanza kuinama tulipofika stendi. Bana Chanda alinitafutia teksi mwenyewe, akagombana na dereva kwa niaba yangu, akanisukuma ndani. Hakuniaga hata. "Nenda, nenda!"

Uwanja ulikuwa wa shule, una jukwaa upande mmoja na uzio wa waya. Watu hawakuwa wengi kama mpira wa kawaida, lakini kelele waliyopiga ilitosha uwanja wa taifa. Timu ya Gaudensi ilivaa kijani. Wapinzani, kutoka nchi ya ng'ambo ya Zambezi, walivaa nyeupe. Nilimuuliza kijana mmoja jukwaani hali ikoje. "Tuko nyuma kidogo, robo ya mwisho imeanza. Namba ishirini na mbili akipata mpira mmoja tu, tunachukua kombe."

Namba ishirini na mbili alikuwa Gaudensi.

Sikujua nitazame wapi. Wale watu wanainama wakitazamana, kimya kinatanda, kisha ghafla wote wanagongana kwa mlio kama magunia ya mahindi yanayotupwa kutoka juu ya lori. Mchezo unasimama. Wanainuka. Wanainama tena. Kila mlio ulinipata mimi. Niliishika waya ya uzio na kuanza rozari kwa vidole, bila rozari.

Akapewa mpira. Nilimwona akipenya katikati, mabega chini, anakimbia kama alivyokuwa akikimbiza ndama pale Izia, na nakiri kwamba kwa pumzi moja nilisahau hofu nikapiga kelele, "Kimbia!" Watu wawili wa jezi nyeupe wakamfikia, mmoja kutoka kila upande. Akaenda chini. Helmeti ikapiga ardhi.

Wale wawili waliinuka. Yeye hakuinuka.

Na hapo nikaona kitu kilichonitoa roho. Wachezaji wote, wa kijani na wa nyeupe, walipiga goti. Wote, popote walipokuwa. Hata wale wa akiba pembeni, hata kocha. Jukwaa likanyamaza. Kwetu nyinyi mnajua: umati haupigi goti pamoja na kunyamaza ila mbele ya Sakramenti au mbele ya maiti. Sikuona padri.

Niliuruka uzio. Sikumbuki niliurukaje; suruali yangu ilichanika na mlinzi alibaki na koti langu mkononi. Nilikimbia hadi katikati, nikapiga magoti karibu na miguu yake, nikafanya ishara ya msalaba na kuanza sala ya marehemu kwa sauti kubwa, kwa Kifipa. Wazungumzaji wa Kiingereza walioizunguka maiti yangu walinitazama wasijue waniondoe au waitikie Amina.

Mwanamke mmoja aliyekuwa ameinama juu yake akanigeukia. Alikuwa daktari wa mchezo. "Mzee, yu hai," alisema kwa Kiingereza. "Wewe ni nani?"

"Mjomba wake."

"Kwa nini unalia? Wanapiga goti kwa heshima tu, mtu akiumia. Ndio desturi ya mchezo."

Nilitaka kumbusu mikono. Gaudensi alifumbua macho. Akamwangalia daktari, akaniangalia mimi. Akatabasamu.

"Mambo vipi, mshikaji," aliniambia.

Mchezaji mmoja aliyejua Kiswahili alicheka. Kocha naye akacheka kwa ahueni. "Ameamka, anatania!" Daktari akaanza maswali: tuko uwanja gani, tunacheza na nani, nani amefunga mara ya mwisho. Gaudensi alijibu yote, moja baada ya jingine, bila kukosea. Akakaa. Akasimama. Wenzake wakapiga makofi. Kocha akamwambia daktari kwamba amefaulu, dakika zimebaki chache, wamwachie kijana.

"Niko sawa," alisema Gaudensi.

Mimi ndiye pekee niliyebaki nimepiga magoti.

"Daktari," nilisema, "hayuko sawa. Hajanisalimia."

Kocha akanyanyua mikono juu. "Mzee, amekusalimia, nimesikia mwenyewe!"

Kiingereza changu kilinisaliti, maneno yakaja kinyumenyume. Lakini nilisema. Nilisema huyu tangu ajue kuongea hajawahi kuniona bila kunipa salamu ya heshima. Akiwa na homa alinipa. Siku ya kumzika baba yake, akiwa mtoto, alikatisha kilio akanipa. Amenisalimia kama anavyosalimia vijana wenzake stendi. "Anajua nani kafunga. Hajui mimi ni nani."

Daktari akaniuliza natoka wapi. Nikamjibu Sumbawanga, ng'ambo tu ya Mbala.

"Kwetu ni Mbala," alisema. Akamgeukia kocha. "Mimi hapa na udaktari wangu, mjomba akiingia napiga magoti na kupiga makofi kumsalimia. Hayo maswali yangu wachezaji wote wameyakariri. Hili hawezi kulikariri." Akamrudia Gaudensi, akanionyesha kwa kidole. "Huyu ni nani?"

Gaudensi alinitazama sana. Bado alikuwa anatabasamu. "Si utingo wa Salumu?" alisema.

Daktari akafungua kamba ya helmeti, akaivua kichwani pake, akanikabidhi mimi. Kumbe kwao ndivyo wanavyofanya; bila helmeti mchezaji hawezi kurudi, kwa hiyo wanaificha. "Ishike," aliniambia. "Asikupore. Hata akilia."

Pembeni ya uwanja

Alilia. Walimketisha kwenye benchi wakati gari la wagonjwa likiletwa, nami nikakaa naye nikiwa nimekumbatia ile helmeti kama mama aliyebeba mtoto. Ilikuwa na joto la kichwa chake na mkwaruzo mpya wa rangi nyeupe. Kadiri ukungu ulivyomwondoka ndivyo hasira ilivyoingia. Alianza kunijua katikati ya kunichukia.

"Nipe, mjomba."

"Hapana."

"Nimelihangaikia kombe hili miaka. Wewe umekuja leo tu."

"Hapana, Gaudensi."

"Utakuwa umeniua. Unasikia? Umeniua!"

Kijana mwingine aliingia mahali pake. Alipewa mpira, ukamtoka mikononi. Wale wa nyeupe wakauangukia, na hadithi ikaishia hapo. Wale wa kijani walilala chali uwanjani mmoja mmoja. Mmoja wao alipita mbele yetu akanitazama, akatema mate pembeni. Simlaumu.

Gaudensi aliinama. Nilidhani analia tena. Alikuwa anatapika.

Hospitali

Picha ya kichwa ilionyesha damu kidogo, mahali ambapo haikupasa kuwepo. Na ilionyesha kwamba haikuwa ya siku ile peke yake. Yule daktari wa uwanjani alikuja mwenyewe kutueleza. "Angepigwa tena leo," alisema, halafu akaacha sentensi yake hapo akaanza kupanga karatasi zake. Dada alikuwa kwenye simu anasubiri niitafsiri. Nikamwambia, "Anasema amewahiwa."

Siku za kwanza alikuwa analala na kuamka na kuuliza nani kashinda. Kila mara nilimwambia, na kila mara aliumia upya. Mara ya nne nilitamani kudanganya. Kisha asubuhi moja niliingia na uji, akajikokota kukaa, akaweka mikono pamoja, akasema, "Shikamoo mjomba." Niliweka uji chini nikatoka nje kwenye korido. Muuguzi aliniuliza kama kuna mtu amefariki.

Kocha alikuja siku tuliyoruhusiwa. Aliniletea koti langu. Hakuniomba radhi na sikumwomba. Alimwambia Gaudensi kwamba msimu ujao watacheza tena kombe lilelile la pili, na nafasi yake ipo, madaktari wakikubali. Nilimwona Gaudensi akinyooka mgongo.

Kurudi

Tulirudi kwa mabasi ya mchana, taratibu, tukipumzika kila mji. Daktari alisema kulala ni dawa, nimwache alale. Hilo ndilo lilikuwa gumu kuliko yote. Msitu ulipita, miji ile niliyoipenda ujanani ikapita, Serenje, Mpika, Kasama, na sikuiona hata mmoja. Nilikuwa natazama kifua chake. Kikichelewa kupanda, namgusa bega.

"Mjomba, sijafa."

"Najua. Nilidhani unataka maji."

"Umeniuliza maji tangu Kapiri."

Mbala alikula ugali sahani mbili, akausifu. Mwenye hoteli alifurahi. Mimi niliweka kijiko chini.

Izia

Dada alimpokea Gaudensi mlangoni kwa kumshika kichwa kwa mikono miwili, akakigeuza huku na huku kama anachagua tikiti sokoni. Hakulia mpaka alipokwenda jikoni. Alichinja kuku, tukala. Baada ya kula Gaudensi alisema lile nililokuwa nikiliogopa tangu Lusaka: kwamba madaktari wamempa miezi, na miezi ikiisha anarudi.

Dada hakubishana naye. Alinigeukia mimi. "Wewe ndiye uliyeona. Aende, asiende?"

Nimeishi miaka arobaini na zaidi na sijawahi kumwambia mtu asiende mahali. "Asiende," nilisema.

Gaudensi hakukasirika. Aliuliza kwa adabu zake zote, na ndiyo maana iliuma. "Mjomba, wewe ulipokuwa unaondoka na malori, bibi alikuwa anakukataza kila siku. Ulibaki siku gani?"

"Hakuna siku."

"Basi unaona."

Hatukumaliza mazungumzo yale, na mpaka leo hayajaisha. Miezi inakwenda. Anasaidia gereji ya mtu pale mjini, jioni anakimbia peke yake kwenye mashamba yaliyovunwa, na watoto wanamfuata.

Wengine mmeniuliza pia mbona sijaondoka tena, maana si kawaida yangu kuumaliza msimu mzima hapa. Sina ugonjwa. Nimehamia kwa dada, nalala kwenye chumba cha mbele. Alfajiri naamka kabla ya jogoo, nakaa kitandani kimya, blanketi mabegani, nikisikiliza upande wa chumba chake. Dada naye najua yuko macho, ng'ambo ya ukuta. Mlango wa Gaudensi ukilia, najua ameamka, ndipo ninapovaa viatu.